Kentucky, Georgia au Texas: Sheria ya Bima Ipi Inamfaa Mtaalamu wa Macho Anayefungua Kliniki

Mtaalamu wa optometria, yaani mpima macho na miwani ambaye si daktari bingwa wa macho, anayetaka kufungua kliniki yake nchini Marekani huanza kwa kuangalia kodi ya jengo, idadi ya wakazi na umbali wa kliniki nyingine, na mara nyingi hukamilisha hesabu zake bila kusoma hata ukurasa mmoja wa sheria ya bima ya jimbo analohamia. Kosa hilo lina gharama kubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya mapato ya kliniki ya macho hutoka kwenye bima, na bima nchini humo haisimamiwi na mamlaka moja ya taifa kama ilivyo TIRA kwa Tanzania au IRA kwa Kenya. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1945 iitwayo McCarran-Ferguson iliacha usimamizi wa bima mikononi mwa majimbo. Kwa hiyo haki ya kuingia kwenye orodha ya watoa huduma wenye mkataba na bima, kiwango cha malipo, maabara ya kukata lenzi na muda wa kusubiri fedha hubadilika mara mtu anapovuka mpaka wa jimbo.

Ninalinganisha majimbo matatu. Kentucky, Georgia na Texas yana jamii za wazungumzaji wa Kiswahili, wengi wao wakiwa wakimbizi kutoka Kongo, katika miji kama Louisville na Bowling Green, Clarkston iliyo karibu na Atlanta, na Houston pamoja na eneo la Dallas na Fort Worth. Mtaalamu anayeweza kumuuliza mzee wa Uvira kwa lugha yake ni lini macho yalianza kufifia anahitajika sana katika miji hiyo. Sababu yangu ya pili ni ya kisheria: kila moja ya majimbo hayo limejaribu kumlinda mtoa huduma ya macho kwa njia yake, na njia hizo hazifanani hata kidogo. Nimeandaa madai ya bima katika kliniki za macho kwa miaka kadhaa, na nimeona jinsi sheria inayomfaa mmoja isivyomsaidia jirani yake wa mtaa wa pili, kwa kuwa kliniki zao zinaishi kwa mapato ya aina tofauti.

Mifuko miwili kwa jicho moja

Mgonjwa wa macho nchini Marekani anaweza kuwa na kadi mbili. Ya kwanza ni ya bima ya afya, ambayo hulipia ugonjwa: mtoto wa jicho, glakoma, jicho jekundu, madhara ya kisukari kwenye retina. Ya pili ni ya mpango wa macho, ambao hulipia uchunguzi wa kawaida wa kila mwaka na kuchangia kiasi fulani cha fremu na lenzi au lenzi za kuvaa jichoni. Mstari kati ya mifuko hiyo ni mkali. Medicare, bima ya serikali ya wazee, hailipii kipimo cha kutafuta nguvu ya miwani, ambacho kwenye madai huandikwa kwa namba 92015, lakini hulipia uchunguzi wa kila mwaka wa retina kwa mwenye kisukari, na hulipia miwani moja baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho uliowekewa lenzi bandia. Mama anayekuja kwa sababu haoni vizuri maandishi ya Biblia anaweza kuingia kwa kadi ya mpango wa macho, na uchunguzi huo huo ukagundua dalili za kisukari zitakazomfanya arudi mwezi ujao kwa kadi ya bima ya afya.

Kliniki inayoishi kwa kuuza miwani hutegemea mfuko wa pili. Kliniki inayofuatilia glakoma na kisukari hutegemea mfuko wa kwanza. Sheria za majimbo nazo zimegawanyika hivyo hivyo, kwani zingine zimeandikwa dhidi ya makampuni ya bima ya afya na zingine dhidi ya mipango ya macho. Mwombaji asiyejua yeye yuko upande gani atachagua jimbo kwa sifa ambazo hazitamgusa.

Kentucky: haki ya kuingia

Kentucky ina sheria inayoikataza kampuni ya bima ya afya kumbagua mtoa huduma yeyote aliye ndani ya eneo linalohudumiwa na mpango wake na aliye tayari kutimiza masharti ya kujiunga. Kwa maneno mengine, kampuni haiwezi kumjibu mtaalamu mpya kwamba orodha imejaa. Makampuni yaliipinga sheria hiyo mahakamani yakidai kwamba inaingilia ERISA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayosimamia mafao ya wafanyakazi, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 2 Aprili 2003 majaji wote waliafikiana kwamba Kentucky ilikuwa na haki ya kutunga sheria hiyo, na Jaji Antonin Scalia ndiye aliyeandika hukumu. Mahakama iliweka vipimo viwili: sheria ya jimbo iwe imelengwa kwa wanaofanya biashara ya bima, na iwe na athari ya kweli katika mpangilio wa kugawana hatari kati ya kampuni na mwenye bima. Uzito wa hukumu hiyo ulivuka mipaka ya Kentucky. Sheria ya Arkansas ya mwaka 1995 ya aina hiyo, ambayo mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikuwa imeizima mwaka 1998, ilifufuliwa mwaka 2005 kwa sababu ya hukumu hiyo.

Kwa mgeni katika mji, haki hii ina thamani ambayo mwenyeji huisahau haraka. Mtaalamu aliyefungua mlango Louisville mwezi wa tatu hana jina, hana wagonjwa wa zamani na hana rafiki katika ofisi za bima. Bila kuwa kwenye orodha, mgonjwa mwenye kadi atampita na kwenda kwa aliyeorodheshwa. Hata hivyo sheria imetaja utayari wa kutimiza masharti, na masharti hayo huandikwa na kampuni yenyewe. Kampuni ikiweka bei ndogo kwa wote, sheria hii haina neno la kusema. Pia imeandikwa kwa ajili ya bima ya afya, hivyo anayetegemea mipango ya macho asome kwanza ufafanuzi wa maneno katika sheria kabla ya kudhani kwamba kinga hii inamfikia.

Kuna jambo la pili linaloifanya Kentucky iwe ya pekee katika ulinganisho huu, nalo linahusu leseni. Bima hulipa tu kwa kazi ambayo leseni ya mtoa huduma inairuhusu. Mwaka 2011 bunge la Kentucky liliwaruhusu wataalamu wa optometria kufanya baadhi ya tiba za leza, likiwa jimbo la pili baada ya Oklahoma iliyofanya hivyo mwaka 1998. Texas na Georgia haziruhusu. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na baadaye akapata utando unaotanda nyuma ya lenzi bandia anaweza kuusafishiwa Bowling Green na mtaalamu wa optometria mwenye sifa hiyo, na malipo yakabaki katika kliniki ileile. Kule Clarkston lazima apelekwe kwa daktari bingwa wa macho. Haki ya kuingia kwenye orodha ikiunganishwa na leseni pana, kliniki ya tiba inapata msingi ambao majimbo mengi hayautoi.

Georgia: usawa baada ya kuingia

Sheria ya Georgia juu ya mgonjwa kufikia huduma ya macho ilijibu manung'uniko ya aina nyingine. Wataalamu wa optometria walikuwa wakiorodheshwa, kisha wakalipwa tofauti na madaktari bingwa wa macho kwa kazi yenye namba ileile ya madai, au wakaachwa nje kwa sharti lisilohusiana na kazi yao. Sheria hiyo inakataza mpango wa bima wenye mafao ya macho kupanga ada kwa namna inayombagua mtoa huduma mmoja au tabaka zima la watoa huduma kwa kazi ileile. Inakataza kupendekeza tabaka moja kwa hasara ya lingine. Inataka watoa huduma wote walioko kwenye orodha waonekane katika orodha inayotangazwa kwa umma. Inakataza pia kumdai mtoa huduma awe na ruhusa ya kufanya kazi hospitalini ili aandikishwe. Sharti hilo la hospitali lilikuwa mbinu ya kimyakimya: mtaalamu wa optometria hahitaji kitanda cha hospitali ili kupima presha ya jicho, lakini karatasi ikimdai hivyo, yuko nje.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Georgia inahitaji haya yote wakati sheria ya afya ya shirikisho ya mwaka 2010 nayo ina kifungu, kilichoanza kutumika mwaka 2014, kinachokataza kumbagua mtoa huduma anayefanya kazi ndani ya leseni yake. Jibu ni kwamba kifungu cha shirikisho ni kifupi, hakimpi kila mtoa huduma haki ya kuingia, na kinaruhusu kampuni kutofautisha malipo kwa vigezo vya ubora na utendaji. Georgia imetaja makosa kwa majina yake, na kosa lililotajwa kwa jina ni rahisi zaidi kulithibitisha mbele ya hakimu.

Ushahidi wa hilo ulikuja mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya Georgia ilipoamua kesi kati ya Spectera, mpango wa macho, na wataalamu wa optometria waliopewa mkataba mpya. Mkataba wa zamani uliwaruhusu kuwapa wagonjwa fremu na lenzi kutoka kwenye akiba zao wenyewe. Mpya uliwawekea mipaka ya kutumia vifaa vya mpango. Mahakama iliona kwamba kizuizi hicho cha kutumia vifaa vyao kilipingana na sheria ya jimbo, ingawa haikukubaliana na wataalamu hao katika kila jambo walilolalamikia. Kwa kliniki yenye mashine yake ya kukata lenzi na kabati la fremu lililolipiwa, uamuzi huo ni wa maana kubwa. Mzazi wa Clarkston ambaye mtoto wake amevunja miwani siku ya Jumatatu anaweza kuhudumiwa siku hiyohiyo, pasipo kusubiri kifurushi kutoka maabara ya mbali, huku mtoto akikaa darasani bila kuona ubao.

Udhaifu wa Georgia ni kwamba sehemu kubwa ya ulinzi wake umejengwa juu ya neno ubaguzi. Mpango ukiwalipa kidogo madaktari bingwa na wataalamu wa optometria kwa pamoja, umewatendea sawa. Na anayetaka kuthibitisha kwamba ametendewa tofauti anahitaji takwimu za malipo ya wenzake, ambazo mikataba mingi huzifanya siri.

Texas: mkataba wenyewe

Texas inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokwenda mbali kuliko mengine mawili katika eneo la mipango ya macho, na mtu hawezi kuielewa bila kujua nani anamiliki nini. VSP, mmoja wa mipango ya macho, ilianzishwa mwaka 1955 huko Oakland, California, na wataalamu wa optometria wenyewe. Leo kampuni hiyo ina maabara za lenzi, inamiliki watengenezaji wa fremu Marchon, na tangu mwaka 2019 inamiliki maduka ya Visionworks. EyeMed, mpango mwingine wa macho, iko chini ya EssilorLuxottica, iliyotokana na muungano wa mwaka 2018, ambayo pia inamiliki chapa za miwani za Ray-Ban na Oakley na maduka ya LensCrafters. Kwa mwenye kliniki ndogo maana yake ni kwamba anayemlipa ndiye anayemuuzia fremu, ndiye anayeweza kumkatia lenzi, na ndiye mwenye duka lililoko upande wa pili wa barabara. Sina shaka kwamba wapo wafanyakazi waadilifu ndani ya makampuni hayo. Tatizo liko katika mpangilio, ambamo mshindani wako anajua bei zako, wagonjwa wako na idadi ya miwani uliyouza mwezi uliopita.

Hatua ya kwanza ya Texas ilichukuliwa mwaka 2013, bunge lilipoizuia mipango kumpangia mtaalamu wa optometria bei ya kitu ambacho mpango wenyewe haukilipii. Tuchukue mfano wa hesabu. Mgonjwa anataka kinga ya mwako kwenye lenzi, ambayo kliniki huiuza kwa dola 100, na mpango wake haulipii hata senti. Bila sheria, mkataba unaweza kuilazimisha kliniki kumpa mgonjwa punguzo la asilimia 20. Dola 20 hizo hutoka mfukoni mwa kliniki, wakati mpango unazitangaza kwa waajiri kama faida uliyowaletea. Majimbo mengi sasa yana sheria za namna hii, nyingi zikifuata mfano wa madaktari wa meno, ambao walipata ya kwanza huko Rhode Island mwaka 2009. Muswada wa shirikisho wa kueneza kinga hiyo nchi nzima umewasilishwa mara kadhaa katika bunge la Washington bila kupita. Anayesoma sheria ya jimbo lolote juu ya jambo hili aangalie neno moja tu, yaani jinsi inavyofafanua kitu kilicholipiwa. Kama kitu kinahesabiwa kuwa kimelipiwa hata pale mgonjwa alipomaliza kiwango chake cha mwaka, basi miwani ya pili ya mgonjwa huyo inabaki chini ya bei ya mpango.

Hatua ya pili ni sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2023, iliyotokana na muswada namba 1696 wa Baraza la Wawakilishi la Texas. Hiyo iligusa makato ambayo mipango humkata mtoa huduma, upangaji wa watoa huduma kwa madaraja, na tabia ya kumwelekeza mgonjwa kwenye maduka yenye uhusiano na mpango. Iligusa pia ukaguzi wa madai, na hapa ninakiri kwamba ndipo penye uchungu wangu. Niliwahi kufanya kazi katika kliniki iliyokaguliwa na mpango mmoja wa macho. Mkaguzi alichukua mafaili machache, akakuta makosa ya uandishi katika baadhi yake, kisha akazidisha kiwango hicho cha makosa kwa madai yote ya miaka kadhaa, pamoja na yale ambayo hakuyafungua. Barua ya kudai fedha zirudishwe ilikuwa na jumla iliyozidi mishahara yetu ya miezi mingi. Tulikaa usiku kucha tukitafuta karatasi za wagonjwa waliokwishahama mji. Texas sasa inakataza ukisiaji wa namna hiyo: mpango ukidai fedha zirudi, uonyeshe madai halisi yaliyolipwa kupita kiasi.

Hata hivyo mtu asihamie Texas akiamini kwamba kila kifungu kiko imara. Mwaka huohuo wa 2023 sheria hiyo ilipingwa katika mahakama ya shirikisho, na vifungu vinavyohusu jinsi mipango inavyowataja na kuwapendekeza watoa huduma kwa wanachama wake vikakutana na hoja ya uhuru wa kujieleza, mahakama ikazuia baadhi yake visitekelezwe wakati kesi inaendelea. Katika hesabu za biashara, ninavihesabu vifungu vya fedha kuwa msingi, na vile vya matangazo kuwa nyongeza inayoweza kuondoka.

Mwisho wa mkono wa jimbo

Majimbo yote matatu yanakutana na ukuta uleule, na ukuta huo ni ERISA. Sheria ya jimbo inaibana kampuni ya bima, lakini mwajiri anayelipa gharama za matibabu ya wafanyakazi wake kutoka fedha zake mwenyewe, hata kama kadi ina nembo ya kampuni ya bima, hahesabiwi kuwa kampuni ya bima. Uchunguzi wa KFF, taasisi ya utafiti wa sera za afya, wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya wafanyakazi wenye bima kupitia kazi walikuwa katika mipango ya namna hiyo. Louisville ina kituo kikuu cha ndege za mizigo cha UPS na viwanda vya Ford, na makampuni ya ukubwa huo kwa kawaida hujilipia wenyewe. Haki ya kuingia niliyoisifu hapo juu inaweza kumpita mgonjwa wa namna hiyo kabisa. Mipango ya Medicare inayoendeshwa na makampuni binafsi nayo iko nje, kwa kuwa sheria ya shirikisho imeyaachia majimbo mambo ya leseni na uwezo wa kifedha wa kampuni tu.

Hapa Texas ina faida isiyoonekana haraka. Mwajiri anayejilipia bima ya afya mara nyingi hununua mpango wa macho kando, kama bima ya kawaida, kwa kuwa gharama zake ni ndogo. Kwa sababu hiyo sheria iliyolengwa kwa mipango ya macho inaweza kuwafikia wagonjwa wengi kuliko ile iliyolengwa kwa bima ya afya, hata katika mtaa uleule.

Muda wa malipo

Katika bima ya afya, Texas inataka dai lililokamilika na kutumwa kwa kompyuta lilipwe ndani ya siku 30, na la karatasi ndani ya siku 45. Kentucky inataka siku 30. Georgia ndiyo ya haraka kuliko zote, kwa siku 15 za kazi kwa dai la kompyuta na siku 30 kwa la karatasi. Lakini kasi iliyoandikwa bila adhabu yenye uzito haimsaidii mtu. Georgia inatoza riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Kentucky huanza na asilimia 12 na kupanda hadi 21 kadiri ucheleweshaji unavyozidi siku 60. Texas hutumia njia kali zaidi: kampuni ikichelewa, hutozwa nusu ya tofauti kati ya bei ya kliniki na bei ya mkataba, na ikipita siku 45 za ucheleweshaji hutozwa tofauti yote, kwa viwango vya juu vilivyowekwa kisheria. Kwa dai la dola 90 la uchunguzi wa jicho, riba ya asilimia 12 kwa mwezi mmoja ni chini ya dola moja, na hakuna karani atakayekaa kwenye simu kuidai. Adhabu ya Texas inatosha kuifanya kampuni ijali.

Kliniki ipi, jimbo lipi

Kwa anayepanga kliniki ya tiba, atakayefuatilia glakoma, kisukari na wagonjwa waliotoka kwenye upasuaji, ninaipendekeza Kentucky bila kusita sana. Leseni pana humletea kazi yenye malipo, haki ya kuingia humfungulia bima ya afya, na jimbo hilo lilipanua Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, mwaka 2014, hivyo mtu mzima mwenye kipato kidogo ana kadi. Mwaka 2023 gavana Andy Beshear aliongeza huduma za macho za Medicaid kwa watu wazima, hatua iliyozua mvutano na bunge la jimbo, na mwenye kliniki afuatilie mvutano wa aina hiyo kama anavyofuatilia kodi yake. Texas haijapanua Medicaid kwa njia hiyo, na Georgia ilianza mwaka 2023 na mpango mwembamba wenye masharti ya kazi.

Anayetarajia kuwahudumia wakimbizi waliofika karibuni ana tarehe nyingine ya kuandika ukutani. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Julai 2025 inawaondoa wakimbizi wengi katika Medicaid ya shirikisho kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Mkimbizi huruhusiwa kuomba ukaazi huo baada ya mwaka mmoja nchini, kwa hiyo kutakuwa na kipindi ambacho mgonjwa mpya anaweza kuja bila kadi yoyote. Inaniuma kuandika hivyo, kwa sababu ndicho kipindi ambacho mtu huhitaji miwani ili kusoma mtihani wa udereva na kuanza kazi. Kliniki iweke bei ya wazi ya fedha taslimu kwa ajili yao, na ihakikishe mikataba yake haiikatazi kufanya hivyo.

Anayeishi kwa miwani, mwenye wagonjwa ambao ni familia za waajiriwa zenye mipango ya macho, aende Texas. Sheria za jimbo hilo zinagusa pale mapato yake yanapovuja: bei za vitu visivyolipiwa, makato, na ukaguzi. Gharama ya uchaguzi huo ni leseni nyembamba kuliko ya Kentucky na wagonjwa wengi wazima wasio na bima yoyote.

Georgia ninampendekezea mtaalamu anayetaka kufanya kazi bega kwa bega na madaktari bingwa wa macho, au mwenye mtaji wa kujenga maabara yake ndogo ya lenzi. Katika kliniki ya pamoja, kulipwa sawa kwa namba ileile ya dai huondoa ugomvi wa ndani juu ya nani amwone mgonjwa yupi, na ulinzi wa vifaa vyake mwenyewe hulinda mtaji uliowekwa kwenye mashine. Kwa kliniki ya mtu mmoja isiyo na maabara, faida hizo hupungua sana.

Kabla ya kusaini mkataba wa pango katika jimbo lolote, omba kukaa siku mbili katika kliniki ya mtaa huo na kuhesabu kadi zinazowekwa mezani. Texas kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa kadi ya bima iliyo chini ya jimbo huandikwa herufi TDI au DOI, vifupisho vya idara ya bima, na isiyo na herufi hizo kwa kawaida iko nje ya mkono wa jimbo. Louisville na Clarkston piga namba ya simu iliyo nyuma ya kadi na uulize kama mpango unalipiwa na mwajiri mwenyewe. Kati ya kadi mia moja, andika ngapi ni za bima ya afya iliyo chini ya jimbo, ngapi ni za mipango ya macho, ngapi ni za Medicaid na Medicare, na ngapi ni za waajiri wanaojilipia, kisha urudi kwenye sheria za jimbo hilo ukiwa na hesabu hiyo mkononi.